Kikomo cha mkopo wa udaktari: kwao ni kipya, kwetu ni cha siku nyingi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na amechaguliwa kusoma udaktari hapa Moshi. Ada iliyoandikwa kwenye barua ni milioni tano na ushee kwa mwaka. Tumeomba mkopo Bodi ya Mikopo, majibu bado. Redioni nimesikia Marekani wamewawekea kikomo cha mkopo wa serikali wanafunzi wa udaktari, eti vyuo vishushe ada. Je, ada hushuka kweli kwa njia hiyo? Bodi yetu nayo ikibana, tutapona au tutaumia? Na mimi mwenye kihamba cha kahawa na ng'ombe wawili wa maziwa, nijipange vipi? (Mzazi, Kibosho)

Jibu: Mzee wangu, shikamoo, na hongera kwa binti. Kupata nafasi ya MD, yaani shahada ya udaktari, si jambo dogo.

Kikomo cha mkopo hushusha ada pale tu ambapo mkopo wenyewe ndio ulioipandisha. Kama ada imepandishwa na jambo lingine, kikomo hakiigusi. Kinachobadilika ni mfuko unaolipa. Marekani yote mawili yapo, na wachumi wao bado wanabishana ni lipi lenye uzito zaidi. Kwetu mkopo haujawahi kuwa mkubwa kiasi cha kupandisha ada, na hilo ndilo la kushika unaposikia habari za huko.

Kwao mtu humaliza kwanza shahada ya kwanza, ndipo aingie udaktari kwa miaka minne mingine. Tangu 2006 serikali yao ilikuwa na mkopo uitwao Grad PLUS. Mwanafunzi wa shahada ya juu alikopeshwa gharama yote kama chuo chenyewe kilivyoipanga: ada, chumba, chakula, vitabu, nauli, ikipunguzwa tu misaada mingine aliyopata. Chuo kikipandisha ada, mkopo nao unapanda. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeufuta mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Sasa anayesomea udaktari anaishia dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Shahada za juu zisizo za taaluma za namna hiyo zimewekewa dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Waliokuwa darasani tayari wamepewa kipindi cha mpito.

Linganisha na gharama. Miaka minne ya udaktari pamoja na kuishi inazidi dola 280,000 kwenye vyuo vya umma na dola 380,000 kwenye vyuo binafsi. Pengo hilo mwanafunzi atalitafutia benki binafsi, na benki inataka historia ya madeni na mara nyingi mdhamini mwenye kipato. Mkopo wa benki hauna pia ile huduma ya kusamehewa deni baada ya marejesho 120 kwa anayefanya kazi serikalini au kwenye taasisi isiyo ya faida. Wala mkopo wa serikali yao haukuwa wa bei nafuu: mwaka wa masomo 2025/26 riba yake ilikuwa asilimia 7.94 kwa mkopo wa kawaida wa shahada ya juu, na 8.94 kwa Grad PLUS.

Hoja ya kwamba mikopo hupandisha ada ilipata umaarufu mwaka 1987, aliyekuwa waziri wa elimu William Bennett alipovishutumu vyuo hadharani. Watafiti wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York, walikuja kukuta kwamba kila dola moja iliyoongezwa kwenye ukomo wa mikopo yenye ruzuku iliandamana na ongezeko la ada la senti 60 hivi. Utafiti mwingine ulioifuatilia Grad PLUS yenyewe ulionyesha bei kupanda bila kuongezeka kwa wanafunzi wa makundi ambayo tangu awali yalikuwa na watu wachache vyuoni. Lakini Robert Kelchen, mtafiti wa fedha za elimu ya juu, alipovipima vyuo vya sheria, udaktari na biashara peke yao, hakuona ushahidi wa maana wa jambo hilo. Kwa upande wa udaktari mimi naegemea kwa Kelchen, kwa sababu moja: waombaji zaidi ya 50,000 wanagombea nafasi 23,000 hivi kila mwaka. Muuza ndizi pale soko la Mbuyuni ambaye kila mkungu una wateja wawili hashushi bei kwa sababu mteja mmoja kapungukiwa. Atamuuzia yule wa pili.

Sasa turudi kwetu. Serikali ilianza kuchangia gharama na wazazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mikopo ya kwanza ikatolewa na wizara mwaka 1994/95, kisha sheria ya 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi Julai 2005. Katika miaka yote hiyo hakuna siku Bodi ilipolipa chochote ambacho chuo kimekiandika. Bunge hupitisha fungu (lilikuwa shilingi bilioni 570 mwaka 2021/22 na bilioni 787 mwaka 2024/25) na fungu hilo hugawanywa. Ada ina kiwango chake cha juu, chakula na malazi kina kiwango chake, vitabu vivyo hivyo, kisha kila mwombaji hupewa asilimia kulingana na uhitaji wake. Hicho Wamarekani wanachokianza 2026, sisi tumeishi nacho zaidi ya miaka 20, na ada ya udaktari haikushuka kwa ajili hiyo.

Sababu ni kwamba kinachogharimu kumfundisha daktari hakitokani na mkopo. Mwalimu wake ni daktari bingwa ambaye angeweza kuwa kliniki akipata zaidi. Darasa la anatomia linahitaji miili, dawa ya kuihifadhi na chumba chenye hewa ya kutosha. Vitendanishi vya maabara vinanunuliwa kwa dola. Kuanzia mwaka wa tatu wanafunzi husoma kitandani kwa mgonjwa, nao hawawezi kuwa hamsini kwenye kitanda kimoja. Inatakiwa wodi nyingi na walimu wengi. Chuo cha serikali, mishahara ya walimu inatoka Hazina, kwa hiyo ada yake ni ndogo. Chuo cha dini au cha binafsi hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo kwa ada. Daktari anayetoka ni yuleyule, mitihani ni ya uzito uleule, tofauti ya ada ni nani anamlipa mwalimu. Bodi haikuileta tofauti hiyo na haiwezi kuiondoa kwa kubana.

Bodi ikibana zaidi, basi, nafasi za MD zitajaa vilevile, kwa sababu idadi ya wanafunzi kwa kila kozi inadhibitiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na wanaozitaka ni wengi kuliko zilizopo. Watakaokosekana ni watoto wa Kibosho, wa Longido, wa Simanjiro. Hilo linaniuma zaidi ya hesabu zote, maana Shirika la Afya Duniani limekuwa likizishauri nchi zichukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio huelekea zaidi kurudi kufanya kazi huko. Anayetaka ada ishuke kwa dhati aibebeshe Hazina mishahara ya madaktari wengi zaidi wanaofundisha, hata kwenye vyuo visivyo vya serikali, na atumie kikamilifu hospitali za mikoa kama Mawenzi na Mount Meru kufundishia, badala ya kila chuo kujijengea chake. Hiyo ni kazi ya wabunge. Yako ni pengo.

Kwanza hakikisha ombi lenyewe halikukwama. Fungua akaunti ya binti kwenye mfumo wa Bodi uone hali yake. Usingoje ujumbe wa simu. Maombi mengi hukwama kwa mambo madogo. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne, au cheti hakikuhakikiwa RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo. Ukurasa unaosainiwa na mwenyekiti wa kijiji hauna muhuri. Hakimu au wakili hakusaini, au kitambulisho cha mdhamini hakisomeki. Lililo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani mapema, ni namba ya mtihani wa kidato cha nne: ikiwa ameombea chuo kwa namba moja na mkopo kwa nyingine (huwapata waliorudia mtihani), mifumo haimtambui kuwa ni mtu mmoja na mkopo haupangwi. Kama amechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, athibitishe kimoja mapema, maana Bodi hupeleka ada chuoni moja kwa moja, na anayehama baadaye hukaa muda mrefu akingoja fedha zihamishwe. Ikiwa matokeo yake yalikuwa ya juu sana, tazama pia orodha ya Samia Skolashipu. Ule ni ufadhili, haurejeshwi.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, weka za barua yako mahali pake. Ada iwe milioni 5. Bodi impangie milioni 3 kwenye ada. Pengo ni milioni 2. Ongeza michango ambayo mkopo hauifikii: bima ya afya ya mwanafunzi shilingi 50,400, TCU 20,000, kisha usajili, mitihani, kitambulisho na vingine, tuseme vyote pamoja 400,000. Hapo una 2,400,000 kwa mwaka, milioni 12 kwa miaka mitano. Gawa kwa miezi 60 upate 200,000 kwa mwezi. Hiyo 200,000 ndiyo ya kuitazama kila siku. Milioni 12 inatisha tu bila kukuonyesha pa kuanzia.

Familia nyingi huharibu hapa. Ukoo unakutana, unachanga kwa nguvu, mwaka wa kwanza unalipwa wote na ziada juu. Mwaka wa pili wanachanga nusu. Mwaka wa tatu, anapoingia wodini, ndugu wamechoka na wengine wana watoto wao wanaoanza chuo. Vyuo vingi havimruhusu mwenye deni la ada kuingia kwenye mtihani, na asiyefanya mtihani havuki mwaka. Bodi nayo huendelea kumlipia yule ambaye chuo kimepeleka matokeo kuwa amevuka. Kwa hiyo deni dogo la ada mwezi Machi linaweza kukata mkopo mzima wa mwaka unaofuata. Kikao cha ukoo kikikaa, omba ahadi ya kiasi kidogo kwa miaka mitano, iandikwe kwenye daftari na mtunza hazina ajulikane.

Kalenda ya chuo na ya shamba lako nazo hazifanani. Awamu ya kwanza ya ada huja Oktoba au Novemba, wakati kahawa inachumwa na pesa ipo. Awamu ya pili huja Machi au Aprili, katikati ya masika, ghala tupu na shamba linataka palizi. Malipo ya nyongeza ya kahawa yakitoka kwenye chama cha msingi, yasipite nyumbani. Yawekwe kwenye akaunti ya awamu ya pili. Maziwa yabebe michango midogo na nauli kwa sababu yanalipa mwezi kwa mwezi, na kwa hiyo usiuze ng'ombe mwaka wa kwanza. Kama ni lazima mmoja auzwe, auzwe binti akiwa mwaka wa tatu au wa nne. Kihamba kiache. Ukikiuza, unauza pesa ya mwaka wa pili hadi wa tano ili ulipe wa kwanza.

Nenda pia ofisi ya uhasibu ya chuo kabla ya muhula kuanza, uombe kwa maandishi kulipa kwa awamu tatu au nne. Wengi hukubali kwa anayekuja mapema, na hugoma kwa anayekuja wiki ya mtihani. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo pekee, stakabadhi zote zitunzwe kwenye faili moja. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi akupelekee.

Ukilazimika kukopa, jua tofauti. Mkopo wa milioni 2 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye milioni 2 zote hadi mwisho, kwa mwaka mmoja, unakugharimu riba ya 720,000. Wa Bodi, tangu 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ilipofutwa, hauongezeki hivyo. Kwa hiyo mwambie binti achukue kila kipengele atakachopangiwa. Wapo wazazi wanaowaambia watoto wakatae sehemu ya mkopo kwa kuogopa deni, halafu wanakwenda kukopa mtaani. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi akishaajiriwa, na sheria inampa miezi 24 baada ya masomo kabla ya kudaiwa kama hajapata kazi. Kwa mfano, deni la milioni 25 na mshahara wa 1,500,000, makato ni 225,000 kwa mwezi, nalo linakwisha kwa miaka tisa na miezi michache. Kumbuka baada ya miaka mitano ana mwaka mmoja wa mazoezi ya utarajali wenye posho, na ajira ya serikali baada ya hapo haiji yenyewe. Inaombwa kama nyingine.

Asilimia ikitoka ndogo kuliko hali yenu, kuna dirisha la rufaa. Rufaa haishindwi kwa maneno ya huzuni. Inataka karatasi mpya: cheti cha kifo kilichohakikiwa, barua ya kustaafu au kuachishwa kazi, taarifa ya daktari kwa mzazi mgonjwa, namba ya kaya ya TASAF (mfuko unaosaidia kaya maskini), uthibitisho wa ndugu mwingine aliye chuoni. Usichokiambatisha hakijulikani huko Dar es Salaam.

Na kama pengo linabaki kubwa kuliko uwezo wote, bado kuna njia mbili. Ya kwanza ni uhamisho wa ndani ya dirisha la TCU kwenda chuo cha serikali chenye nafasi. Nafasi hizo ni chache, jaribu mapema. Ya pili ni stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Tangu 2023/24 baadhi ya fani za afya za ngazi hiyo nazo zimeanza kupata mkopo wa Bodi, kwa hiyo uliza kwanza kama utabibu umo. Tabibu aliyefaulu vizuri anaweza kurudi kuomba MD akiwa na kipato. Ni njia ndefu, lakini inafika.

Mwisho ni jambo ambalo hukulitaja, nalo pengine ndilo kubwa: chuo kiko Moshi na nyumba iko Kibosho. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku kwa aliyepangiwa kiwango kizima, hutolewa kwa mikupuo ya siku 60, yaani 600,000 kila mkupuo, na huingia kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe akishasaini. Mikupuo minne ni 2,400,000. Akilala nyumbani miaka miwili ya kwanza, akatumia nusu kwa nauli, chakula cha mchana na vitabu, nusu ya pengo lako inajizibia. Mkupuo wa kwanza huchelewa, kwa hiyo mwandalie nauli na matumizi ya wiki sita za mwanzo. Mpe pia chumba chenye taa na mlango unaofungwa, na wadogo zake waambiwe, kwa sababu anatomia husomwa usiku. Kazi za asubuhi za kukata majani ya ng'ombe atafutiwe mtu mwingine. Ikifika mwaka wa tatu mhamishie karibu na wodi: mzunguko wa asubuhi huanza mapema, zamu za usiku zipo, na daladala ya mwisho ya kupanda Kibosho haimngojei mwanafunzi aliyeko chumba cha kujifungulia.